Mstari wa Chini wa Kadi

Katibu alikuwa na viatu vizuri vya ngozi nyeusi, na karibu mwaka mzima vilikaa kabatini katika ofisi ya mashine, vimejazwa magunzi ya mahindi visipoteze umbo. Mwenyewe alitembea peku. Lakini hakulivua koti lake zito la kijivu, hata mwezi wa kumi jua linapowaka na sisi wengine tumebaki na kanga. Ukimuuliza alisema upepo wa Ufipa humwingia mtu kifuani, miguu haina habari nao. Viatu alivivaa siku moja tu, siku ya gawio. Watoto walipomwona anapita navyo, vikilia kwenye changarawe, walikimbia nyumbani kusema fedha zimekuja.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na moja. Nyumba ya mwalimu, ambamo niliishi na mume wangu, ilitazamana na kibanda cha mashine ya kusaga, kijijini kwetu, kando ya barabara inayotoka Sumbawanga kwenda Matai. Sikuwa mtu wa pale. Nilitoka Mbeya nikimfuata mume aliyepangiwa shule, na mwaka wa kwanza wote nilihesabu siku za kuondoka. Sijui ni lini niliacha kuhesabu. Ninachokumbuka ni mlio wa mashine asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba, na Katibu amesimama mlangoni na unga kwenye nyusi, anatazama mbali huko kwenye nyasi kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Kutazama mbali ilikuwa kazi yake ya pili. Ungemsalimu, angejibu nusu, halafu angenyamaza. Ukishapiga hatua kumi ndipo anakuita amalizie. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo. Siku moja nilimwambia, "Katibu, maneno yako yanakuja kwa miguu." Akafikiri sana, akasema, "Yaache yaje, Mama Neema. Nyumba yanaijua." Nikacheka bila kupenda, nikabeba debe langu nikaenda zangu.

Mashine ilikuwa mali ya ushirika. Ilinunuliwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, wakati kila kitu kilipokuwa cha kuanza pamoja. Mwenye shilingi alitoa shilingi, mwingine aliuza mbuzi, na bibi mmoja aliyeishi karibu na kisima alileta madebe matatu ya ulezi akasema hana kingine. Katibu aliyapokea, akayauza mnadani, akamwandikia hisa moja. Kila aliyetoa alipewa kadi ya njano yenye jina lake, idadi ya hisa zake, na chini kabisa mstari mmoja ambao nitaueleza.

Alikuwa na namna yake ya kusema juu ya zile hisa, na nilipenda kumsikiliza ingawa nilijifanya sipendi. "Umelala," alimwambia mtu, "una homa, huwezi kushika jembe. Lakini huku kipande chako kinazunguka. Kinasaga." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, macho kule kwenye nyasi, na mtu aliondoka akitembea polepole, amebeba wazo hilo kichwani. Hata mimi, nikikaa kizingitini na kusikia injini, nilikuwa nikijaribu kusikia kipande chetu. Mume wangu alikuwa na hisa tano. Aliniambia ni ujinga, injini ni injini, kisha nikamkuta naye ametega sikio.

Siku ya gawio ilikuja baada ya mavuno, baridi ikiwa kali. Katibu alitandika mkeka mbele ya kibanda na kumwaga juu yake debe zima la maharage. Watu wengi hawakusoma, naye hakutaka mtu apokee fedha asiyojua imetoka wapi. "Ndugu wanachama," alianza, "haya ndiyo mashine iliyoyapata." Kisha akajikunja na koti lake na kuanza kutenga kwa viganja. Fungu la dizeli. Fungu la ukanda na chekecheo. Fungu la kijana anayeendesha. Halafu alitenga fungu nono, akalivuta karibu na magoti yake, akalizungushia mkono. "Hii ni akiba. Najua mnaitazama. Itazameni tu."

Yaliyobaki ndiyo yalikuwa gawio, nayo aliyakata mara mbili. Sehemu kubwa iliwaendea wenye hisa, kila mtu kwa wingi wa hisa zake. Sehemu ndogo iliwarudia wanachama waliosaga pale mwaka ule, kila mtu kwa madebe aliyoleta, kwa sababu fedha yenyewe, alisema, ilitoka mikononi mwao. Mtu akishaelewa mafungu, ndipo majina yaliitwa, shilingi zikatolewa, dole gumba likapigwa kwenye kitabu. Maharage yote yalipikwa siku hiyohiyo tukala. Yote isipokuwa ya akiba. Hayo aliyapanda mwenyewe nyuma ya kibanda mvua zilipoanza, na sikumwona hata mwaka mmoja akionja.

Hapakukosa mtu wa kuuliza kwa nini asipewe chake mapema. Pale Ufipa watu hulima ntumba, vile vituta vya duara ambavyo majani hufukiwa ndani yaoze, msimu unaofuata udongo wake husambazwa na kupandwa. Mzee mmoja alimjia mwezi wa tatu, anataka gawio lake sasa hivi.

"Mzee, umefukia majani mwaka huu?"

"Nimefukia."

"Kafukue leo uone kuna nini."

"Kutakuwa na majani, Katibu. Unanichezea."

"Basi na huku kuna majani," akasema, akarudi kuandika. Yule mzee alisimama pale kitambo, akacheka peke yake, akaenda.

Usidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Mwaka mmoja mama yake mzazi, mwanachama kama sisi, aliomba gawio lake miezi miwili kabla, anunue blanketi. Akamkatalia mbele ya foleni nzima ya wanawake wenye madebe. Tulikasirika, mimi nikiwa wa kwanza, na nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini wiki zile tulimwona Katibu ofisini na shati tupu, anatetemeka hata kalamu inaruka, na koti la kijivu liko mabegani mwa mama yake kule kwenye jua la uani. Ndiyo mara pekee katika miaka ile nilipomwona bila koti. Siku ya gawio mama akapokea chake, akanunua blanketi, na koti likarudi.

Sasa ule mstari. Chini ya kila kadi paliandikwa: *Mpokeaji, mwanachama akifariki.* Katibu aliupenda mstari huo kuliko kitu chochote kwenye kadi. Alisema hisa haizikwi. Mwenyewe akiondoka, kipande kinaendelea kuzunguka, na gawio lake ni lazima lijue mlango wa kwenda. Alipita nyumba kwa nyumba na kadi zake, peku, akiuliza, "Ukiondoka, nani apokee?"

Kijijini kwetu hilo halikuwa swali la kumwuliza mtu. Kumtaja aliye hai kwenye karatasi ya kifo ilikuwa kumwonyesha kifo njia. Hakuna mwanamume aliyekubali kumtaja mke wake, wala mama kumtaja mwanawe. Lakini Katibu hakuondoka bila jina, alikaa tu hapo mlangoni anatazama nyasi, na watu, ili aende, walimtajia waliokwisha kufa. Huyu alimtaja babu yake, yule dada yake aliyekufa kwa surua. Waliokufa hawakuwa na cha kuogopa. Siku alipomaliza kuzunguka alirudi ofisini, akapanga kadi mezani, akakuta karibu wapokeaji wake wote wako makaburini.

Alikuja kwetu jioni hiyo kumweleza mume wangu. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Katibu, itabidi ujenge dirisha la malipo kule makaburini." Katibu hakucheka. Alikunywa chai yake yote ndipo akasema, "Hawajakosea sana, Mwalimu. Wananionyesha upande." Mkutano uliofuata alileta kanuni mpya, ikapita kwa mikono yote: ikiwa mpokeaji aliyeandikwa hayupo duniani, apokee yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na kamati itaamua ni nani. Hakumlazimisha tena mtu kumtaja aliye hai. Yeye mwenyewe, kwa taarifa yako, mstari wake aliuacha wazi kabisa, na tulipomtania alisema kalamu iliisha wino.

Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Atupele. Aliishi miezi saba. Homa ilimchukua wakati wa mvua, barabara ya kwenda hospitali imekatika, na tulimzika kwenye makaburi ya kijiji, chini ya kilima. Neema alizaliwa mwaka uliofuata. Mume wangu hakuwahi kulitaja jina la Atupele tena ndani ya nyumba, na mimi nilidhani amemsahau. Hilo lilinikaa kooni.

Neema alipokuwa na miaka sita, mume wangu naye alikufa, kwa siku tatu tu za kuumwa. Tulimzika karibu na mtoto wake. Kabla matanga hayajaisha, shemeji yangu mkubwa alifika kutoka Mbeya. Alichukua baiskeli, alichukua redio, na kesho yake nikamwona amevaa koti la mume wangu la kwenda kanisani. Akaniambia ukoo umeshakaa: nirudi naye, nami nitakuwa kwa mdogo wao, ambaye tayari alikuwa na mke. Nyumba ilikuwa ya shule na mwalimu mpya alishapangwa. Kama ningekosa cha kunishika pale kijijini, ningepanda lori na shemeji, na Neema wangu, na kaburi lile dogo ningeliacha kwenye nyasi.

Kilichobaki ni hisa tano. Gawio lake lilitosha kutulisha sehemu ya mwaka, na mwenye hisa alikuwa na haki ya kiwanja cha kujenga. Shemeji alilijua hilo, akaahirisha safari asubiri mkutano wa gawio. Nilimwendea Katibu nikamwuliza jina gani liko kwenye mstari wa chini wa kadi ya Mwalimu. Akanitazama kwa huruma, hilo nililiona, lakini akasema, "Kadi husomwa mkutanoni, Mama Neema. Ikisomwa gizani watasema tumeipika." Nilimchukia siku ile. Niliwaza kuwa nami ningeganda kwa baridi huku yeye akilinda kanuni, na bahati mbaya sikuwa na mwana wa kunivika koti.

Siku ya mkutano alikuja na viatu. Alitandika mkeka, akatenga maharage fungu kwa fungu, kwa utulivu uleule, na mimi nimekaa na Neema magotini sisikii kitu. Majina ya walio hai yaliitwa kwanza. Kisha akasimama na kadi ya njano ya mume wangu.

"Hisa tano. Mpokeaji," akasoma, "Atupele, mtoto wake."

Watu walinong'ona. Mimi nilihisi uso unawaka. Alikuwa na mke aliyemfulia na kumpikia, alikuwa na Neema, naye aliandika jina la mtoto aliye ardhini kama wanakijiji aliokuwa akiwacheka. Nilimkasirikia marehemu wangu palepale, mbele za watu, na hasira hiyo nilikuja kukaa nayo miaka mingi.

Shemeji alisimama. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. "Ndugu zangu, mtoto ni wa ukoo wetu. Mtoto hayupo, chake kinarudi kwa ukoo. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo." Wanaume kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti wa kamati alikuna kidevu. Katibu aligeuka, akatazama kule mbali, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mtu akakohoa.

"Ndugu mgeni," akasema hatimaye, "nina swali moja. Mtoto huyu, nani alimnyonyesha?"

Hakuna aliyecheka. "Mama yake," akasema shemeji.

"Kanuni inasema aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Mimi simjui wa karibu zaidi ya huyo. Kamati iseme."

Bibi wa kisimani, yule wa madebe ya ulezi, hakuwa hata mjumbe wa kamati. Alikuwa wa kwanza kabisa kuinua mkono, na hakuushusha. Wajumbe walimfuata mmoja mmoja, mpaka mwenyekiti. Katibu alihesabu shilingi zangu kiganjani, akanipa kitabu nipige sahihi, akachukua kalamu na kwenye kadi akaandika jina langu badala ya la mume wangu. Shemeji aliondoka na lori la kesho yake, na koti.

Nilijenga chumba na uani. Kwa miaka iliyofuata kipande changu kilizunguka, na nilikisikia. Kisha ikaja amri kwamba vyama vya namna ile vinavunjwa na mali ni za kijiji kizima. Katibu hakubisha amri, ila aliuliza kwa barua, tena na tena, akiba ni ya nani, mpaka wakubwa wakachoka wakamwambia aigawe. Mwaka ule alivaa viatu mara mbili. Alitandika mkeka, akamwaga maharage ya fungu la akiba peke yake, na safari hii alituambia tuyapike hata hayo. Yeye alikula kidogo sana. Mgao wangu wa mwisho ulinunua cherehani, nikahamia Sumbawanga mjini, na kwa cherehani hiyo Neema alisoma mpaka akawa mwalimu kama baba yake.

Kila mwaka baada ya mavuno nilirudi kijijini siku moja, kusafisha kaburi la Atupele. Niling'oa nyasi kwa mikono, nikapanga mawe, nikakaa kidogo. La mume wangu, hatua tatu tu kutoka pale, sikuligusa. Nyasi zake zilikuwa zimenifika kiunoni. Watu waliona, na hawakuniuliza.

Mara ya mwisho kumwona Katibu ilikuwa katika safari mojawapo ya hizo. Nilitoka makaburini nikapita kwake. Nilimkuta uani juani, amekuwa mdogo, macho yamefifia, na miguuni amevaa vile viatu vyeusi. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya Mama Neema." Akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wangu. "Unaona? Siku hizi upepo umehamia miguuni."

Mkewe alinipa kigoda. Nilishusha koti msumarini, nikaona bitana yote imeachia, na kwa kuwa sijui kukaa bila kazi nikatoa sindano kwenye mkoba nikaanza kuishona. Tulizungumza habari za mashine, ambayo sasa ilikuwa imesimama, haina ukanda. Alisema bado anaisikia asubuhi. Nikamwamini.

Ndipo nikamwambia lile ambalo sikuwa nimelisema miaka yote. Nikamshukuru kwa swali lake siku ya mkutano, maana bila swali lile ningekuwa mke wa pili wa mtu huko Mbeya. Nikaongeza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba mume wangu angeniacha mikono mitupu, yeye Katibu ndiye aliyenifikiria.

Aligeuza uso kule kwenye nyasi, ingawa sidhani aliziona. Nilishona mishono mingi.

"Swali lile halikuwa langu," akasema.

Nikasimamisha sindano.

"Mwalimu alikuja ofisini siku ya tatu baada ya kumzika mtoto. Kwenye mstari alikuwa ameniandikisha baba yake. Akaniambia futa, andika Atupele. Nikamwambia, Mwalimu, wewe ndiye uliyetucheka, kwa nini usimwandike mke wako tu? Akasema, 'Nimeshazika mmoja, Katibu. Jina la mama yake siliweki hapo.' Akalia. Mimi nikaandika." Alivuta pumzi. "Alipofika mlangoni akarudi. Akasema, 'Nikitangulia, ndugu zangu watakuja. Wakibisha, waulize nani alimnyonyesha.'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mkutanoni wangesema nimemwekea marehemu maneno mdomoni. Kadi ilitosha. Baadaye nikadhani unajua. Mke hujua." Akageuka kunitazama na macho yake yasiyoona vizuri. "Hukujua?"

Nilimaliza mshono, nikakata uzi kwa meno, nikamvika koti lake na kumfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Kisha nikaenda jikoni kwa mkewe nikamwomba aniazime jembe.